Usile kwa Mwenye Gari

Ukienda kuangalia gari la kununua, usile. Ukishikwa na kiu kunywa maji, na hayo maji uwe umetoka nayo kwako. Wanawake wa hapa Makorora wanaonijia kuuliza habari za magari hutegemea niwaeleze mambo ya injini, nami naanza kuwaeleza mambo ya biriani. Wengine hucheka. Wacheke. Mimi nilibakiza kidogo tu niipoteze minazi ya mama yangu kwa sahani ya biriani, na kila nikikumbuka sioni cha kuchekesha.

Minazi yenyewe ilikuwa Bweni, ng'ambo ya mto, Pangani. Mama alipofariki shamba liligawanywa. Kaka zangu walichukua mafungu yao, nami nikapata nusu ya fungu la mmoja wao. Ndivyo dini ilivyogawa na sina ugomvi na dini. Ugomvi wangu uko kwingine, utauona. Fungu langu nililiuza kwa hiari yangu, nikijua ninachokifanya, kwa sababu minazi ya ng'ambo ya mto wakati wewe unaishi Tanga mjini ni minazi ya wezi. Kilichopatikana kilitosha gari moja dogo. Nikikosea, hakuna minazi mingine Bweni yenye jina langu, wala hakuna mama mwingine wa kunirithisha.

Kazi yangu ni kupika. Napika chakula cha mchana cha watu wa maofisini, na napika cha shughuli: hitima, maulidi, kipaimara, mradi shughuli yenyewe ina watu wa kula. Kupika si tatizo. Tatizo ni kufikisha. Mtu ambaye hajapakata sufuria ya mchuzi wa nazi ndani ya bajaji, mtoto yuko mgongoni na dereva anazungumza kwenye simu, huyo asinifundishe subira. Pajani nina alama ya mchuzi wa moto niliomwagikiwa kwenye kona, na mwenye bajaji aliniuliza kama kiti chake kitapata doa. Basi nilitaka gari lenye mlango wa nyuma unaofunguka juu, sufuria zikae buti, binti yangu akae kitini, nami nikae kwenye usukani. Leseni nilikuwa nayo tangu kabla sijaolewa.

Nasema habari ya leseni kwa makusudi. Tulipokwenda kuangalia gari la kwanza tulikwenda watu wazima watatu: mjomba wangu, yaani kaka mkubwa wa marehemu mama, mume wangu, na mimi. Mjomba hajawahi kushika usukani maishani mwake. Mume wangu hana leseni mpaka leo hii ninapoandika. Mwenye leseni nilikuwa mimi, na mimi ndiye niliyewekwa ndani na wanawake.

Aliyelipata gari alikuwa Mjomba. Alilipata msikitini, maana kwake yeye kila kitu chema hupatikana msikitini. Alikuja nyumbani akaketi, akasema kuna mtu wa Ngamiani anauza gari yake, mtu wa swala tano, hana makuu, ukimwona tu unajua.

"Mjomba, mimi ndiye nitakayeendesha," nikamwambia. "Nataka niende mwenyewe na fundi."

"Kuendesha utaendesha, nani kakukataza? Kununua ni kazi ya wazee."

"Na wewe unajua nini cha gari?"

Mume wangu alinikanyaga kidole cha mguu. Mjomba hakukasirika. Alicheka.

"Gari sijui," akasema. "Najua watu. Mtu akiwa mwema na gari yake njema. Huyo fundi wako ni mtu wa kumpelekea mtu mlangoni? Utamwonyesha mwenzio kuwa unamdhania mwizi."

Nikanyamaza. Ndivyo tulivyolelewa. Mzee akisema neno lake la pili unanyamaza, unakwenda zako jikoni na hasira yako, unakata nayo vitunguu.

Tuliitwa Ijumaa baada ya sala. Sasa ninajua kwamba saa ile ya Ijumaa si ya kwenda kuangalia gari kwa mtu, ni saa ambayo chakula kimeiva. Nyumba ilikuwa moja ya zile za Ngamiani za baraza ndefu, na gari limeegeshwa mbele yake chini ya turubai, la rangi ya fedha, limeoshwa likang'aa. Milango yake yote minne ilikuwa wazi. Ndani, chini, nyuma ya kiti cha dereva, kilikuwa chetezo, moshi wa udi unapanda polepole unatokea madirishani. Lilikuwa kama mwari anayetolewa nje.

Mjomba alivuta pumzi. "Mashallah," akamwambia mume wangu. "Gari yenye adabu hii, mkwe."

Mimi ni mpishi, na pua yangu ndiyo inayonilisha. Wazo lilinijia palepale. Udi huchomwa kwa bibi harusi, huchomwa mgeni akija, na huchomwa na mwanamke aliyemaliza kukaanga samaki. Lakini wazo lilikuja likapita, kwa sababu mwenye nyumba alikwishatoka na kanzu yake nyeupe na kofia ya kushonwa kwa mkono, na tulikuwa tumeanza kusalimiana. Nilimpa shikamoo. Aliitikia marahaba kwa sauti ya chini, sauti nzuri, akamtazama binti yangu akamwombea dua ya maisha marefu. Mjomba alinipa jicho la kusema, umeona?

Mume wangu alipiga hatua moja kuelekea gari.

"Gari haikimbii," mwenyeji akasema. "Tule kwanza."

Hayo ndiyo maneno. Tule kwanza. Ukiyasikia kwa mtu anayekuuzia kitu, shika mkoba wako. Lakini nani pwani hii atamjibu mtu, hapana, hatuli? Wanaume walivua viatu wakapanda barazani, mimi nikapitishwa uani na mtoto wangu.

Mke wa mwenyeji alikuwa mama mtu mzima, mnene, mkarimu, ana vicheko vya karibu. Sinia lililetwa. Nami nilikula, sitasema uongo. Biriani ilikuwa nzuri kuliko yangu, nikala nikitafuta alichotia.

"Mchele huu wa wapi, shangazi? Umekaa hasa."

"Wa Mombo. Kula, mwanangu, unanyonyesha."

"Nimeshamwachisha."

"Kula hivyo hivyo."

Alimchambulia binti yangu kuku, akampa na kiazi. Halafu akaanza kusema, vile watu husema wakishajua mgeni anakipenda chakula chao.

"Nyumba hii siku hizi tunakula kuku kama watu. Zamani ilikuwa samaki, samaki, samaki. Wanangu walifika mahali wakimwona nguru wanalia."

"Mzee alikuwa mvuvi?"

"Mvuvi wapi, hata kuogelea hajui. Alikuwa akiwafuata Kigombe asubuhi, anapanga masanduku ya barafu, anaingia nayo sokoni. Si kwa gari hiyo hapo nje? Imetulisha miaka, ishukuriwe."

Alisema kwa fahari, na alikuwa na haki ya kuwa nayo. Hakuna aliyemwambia kwamba lile lilikuwa jambo la kuficha. Mwanamke haelezwi mambo ya gari, kwa hiyo hajui ni lipi la kutosema. Ukinunua gari, kaa na mke wa mwenye gari. Hilo ndilo jambo moja tu ninalomshukuru Mjomba, kunipeleka uani.

Mkono wangu ulisimama juu ya sinia. Barafu inayeyuka. Ikiyeyuka katika sanduku la samaki inakuwa maji ya chumvi na damu, na maji hayo yana mahali pa kwenda. Yanashuka chini, yanapita kwenye zulia, yanakaa juu ya bati. Kila asubuhi, miaka. Nilikuwa bado naliwaza hilo bati nikasikia Mjomba anakohoa kule barazani, kile kikohozi chake cha kusafisha koo kabla ya dua.

"Al-Fatiha," akasema.

Kwetu mambo makubwa hufungwa kwa fatiha. Posa hufungwa kwa fatiha, safari hufungwa kwa fatiha, na hata shamba likibadili mikono. Ikishasomwa, kurudi nyuma ni aibu kubwa kuliko kudanganywa. Nilisikia mnong'ono wa wanaume, kisha amin. Amin iliyosikika zaidi ilikuwa ya mume wangu, amin ya mtu aliyeshiba. Hakuna aliyefungua boneti. Hakuna aliyewasha injini. Walikuwa wamekaa hatua chache kutoka kwenye gari, wamelipa migongo, wanachokoa meno.

Nilinawa. Nilimbeba mtoto, nikachukua na chupa yake ya maji.

"Anataka kuiona gari," nikamwambia yule mama. Mtoto hakutaka kitu, alikuwa ananyonya mfupa.

Barazani Mjomba alikuwa anang'aa. "Njoo, mwanangu, uione mali yako. Tumemaliza."

"Naiona," nikasema.

Nilimkalisha binti yangu kiti cha nyuma. Nilitoa kile chetezo nikakiweka mbali, upande ambao upepo unapeleka moshi kwa jirani. Halafu nilifungua chupa nikaimimina yote chini, juu ya zulia.

"Ah, mtoto kamwaga maji," nikasema kwa sauti. Mtoto akanitazama. Chupa yake ilikuwa mkononi mwangu.

Kila mwanamke anayepika samaki anajua jambo hili. Shombo likikauka hulala. Ubao wa kukatia papa ukishakauka juani haunuki kitu, unaweza kuuweka karibu na maziwa. Uloweshe tu, linaamka. Unaweza kulifukizia udi, ubani na marashi ya Pemba, vyote vitapita juu yake kama wageni, lenyewe ndilo mwenye nyumba. Nilisimama pale nikangoja, sikungoja sana. Lilipanda. Halikuwa shombo la samaki wa jana. Lilikuwa lile la zamani, chungu, lililokwisha kuwa na kutu ndani yake. Mtoto alitupa mfupa akaziba pua.

Niliinua zulia. Chini yake bati lilikuwa limepakwa kitu cheusi kama lami, kibichi. Nilikigusa kwa kidole, kikaachia kipande kizima, na chini ya kipande kutu ikavunjika kwa tabaka, kama mkate wa kaki. Kidole changu kilipita. Niliinama nikachungulia kwenye tundu nikaona mchanga wa barabara.

Wanaume walikuwa wamekwishasimama. Mume wangu alikuja wa kwanza, akaingiza kichwa, akakitoa.

"Ni unyevu tu wa mvua, mama," mwenyeji akasema.

"Mvua haina shombo, mzee."

"Funika hiyo," Mjomba akaniambia kwa sauti ndogo.

"Mjomba, njoo unuse."

"Nimekula kwa mtu, mwanangu. Nitanusaje?"

Maneno hayo nimeyabeba mpaka leo. Hakuyasema kwa mzaha. Alikuwa amesimama pale katika kanzu yake ya Ijumaa, mzee wa watu, ameona kama nilivyoona mimi, na wali wa mtu ulikuwa tumboni mwake, na ule wali ndio uliokuwa unazungumza. Nilimwonea huruma kidogo sana, kisha hasira ikairudisha.

Mwenyeji hakupandisha sauti. Watu wa aina yake hawapandishi. "Gari ya pwani isiyo na kutu ungeiona wapi?" akasema, anatabasamu. "Bibie, wewe mwenyewe umezaliwa hapa. Kutu unayo."

"Ninayo, mzee. Lakini siuzwi."

Kwenye baraza ya jirani mtu alicheka, akajifanya anakohoa.

"Fatiha imesomwa," Mjomba akasema.

"Nani aliitikia amin?"

"Sote."

"Mimi nilikuwa uani. Hata mwari, Mjomba, hufuatwa chumbani akaulizwa mara tatu, umekubali? Mimi mwenye mali hamkuniuliza hata mara moja. Mmeozesha minazi ya mama bila idhini."

Ni hoja ambayo wanaume wa swala tano hawana pa kuishika, maana wameifundisha wao wenyewe. Mwenyeji alitazama chini, akaupangusa mlango wa gari kwa kiganja, kama mtu anayempangusa mnyama. Kisha akasema jambo moja tu.

"Biriani yangu mmekula."

"Tumekula," nikasema. "Ijumaa ijayo nitakuletea sinia kama lile."

Nililipeleka. Nilipika biriani bora niliyopata kuipika, kwa mchele wa Mombo, nikaipeleka Ngamiani kwa bajaji nimeipakata. Yule mama alinipokea vizuri, akaonja palepale mlangoni, akaniambia bado iliki. Sikujua kama mumewe alimweleza. Nadhani hakumweleza.

Siku ile ya gari, tulipofika nyumbani, mume wangu alivua viatu akasema, "Lakini biriani ilikuwa nzuri." Sikuzungumza naye mpaka Jumapili.

Mjomba yeye alininyamazia kwa muda mrefu zaidi. Alinitumia maneno kwa mdomo wa shangazi yangu: mwambieni huyo msomi wa kidato cha nne akanunue gari yake na msomi mwenzake. Ndugu walinijadili. Nilimvunjia mzee heshima mbele za watu, nilikuwa na kiburi, nilikuwa na ulimi wa marehemu mama. Hilo la mwisho walilisema kama tusi. Hakuna hata mmoja aliyesema, lakini bati lilikuwa limetoboka. Ndipo nilipojua kwamba katika ukoo wangu mtu anaweza kupoteza urithi wake wote na akaitwa mwenye adabu.

Basi nilikwenda kutafuta mwenyewe. Sikuwa na haraka. Nilikwenda asubuhi, jua limetoka, kwa sababu kila gari ni zuri magharibi. Nilifika kabla ya saa tuliyoagana, naweka kiganja juu ya boneti kabla ya salamu kwisha. Likiwa la moto, mtu kaliwasha ili nisilione linavyokataa kuamka; namwambia basi tungoje lipoe, na wengi wao hukumbuka kuwa wana safari. Niliomba kadi ya gari, nikasoma jina, nikamwomba mtu kitambulisho. Mmoja aliniambia kadi iko kwa shemeji yake Dar. Nikamwambia na gari atanunua shemeji yake. Fundi nilimchukua, lakini nilijifunza kuwa fundi naye hula. Wa kwanza alikula kwa dalali huku nimeshamlipa mimi, akaniambia gari halina neno, nami nilikuwa naona moshi wa bluu kwa macho yangu. Wa pili alikuwa afadhali, ila naye nilimzuia chai. Mafundi walinizoea. Waliniita mama usile.

Na kila gari nilimwaga maji chini.

Gari langu nililipata Muheza. Mwenyewe alikuwa mama mstaafu, mtu wa milimani, Mlutheri, aliyefanya kazi ya ukarani katika shamba la mkonge mpaka goti likakataa kukanyaga klachi. Gari lilikuwa limeegeshwa uani, lina vumbi, kuku wamelala chini yake. Hakuliosha. Hakulifukiza udi. Nilipomimina maji kwenye zulia alikuwa mlangoni na birika.

"Unalibatiza?" akaniuliza.

"Natafuta samaki, mama."

"Muheza?" Alitazama huku na huku, kama mtu anayetafuta bahari. "Njoo kwanza unywe chai, kuna mihogo."

"Nitakunywa nikimaliza."

Aliudhika, nilimwona. Kwao pia mgeni hakatai chai. Alirudisha birika ndani na hakutoka tena mpaka nilipomwita. Nililala chini uani kwake nimetandika kanga, nikatazama tumbo la gari kutoka mbele mpaka nyuma, nikagongagonga bati. Niliinua mazulia yote. Yalinuka vumbi na mkonge. Nililiendesha mpaka barabara kuu na kurudi, nikapanda nalo kilima, nikaachia mikono kidogo nione kama linavuta upande. Lilivuta kidogo kushoto. Tairi mbili zilikuwa zimekwisha, wipa moja haikufuta, mlango wa nyuma ulitaka bega. Nilimwambia yote hayo kwa mdomo wangu, na yeye akanijibu kwa wake, tukagombana kwa heshima, akapunguza, nikaongeza, tukafika. Hakuna aliyesoma chochote. Alinitazama machoni akaniuliza, "Umeridhika?"

Ni swali dogo. Tangu mama afe hakuna aliyeniuliza.

"Nimeridhika," nikasema. "Sasa iko wapi hiyo mihogo?"

Nilikula sahani mbili, za chumvi na pilipili, nikamwachia na kachumbari niliyokuwa nayo.

Sasa sufuria zangu zinakaa buti, kwenye ubao alioutengeneza mume wangu, umetobolewa mashimo kwa kipimo cha kila sufuria. Ubao ni mzuri, namsifu kwa hilo. Binti yangu ana kiti chake. Tairi nilibadilisha. Linavuta kushoto bado, kidogo, nimelizoea kama mtu mwenye tabia zake.

Hasira nilidhani itakwisha. Ingekwisha, kama nisingekwenda kupika kwenye harusi moja ya Mabawa, nikawa nyuma ya pazia napakua, nikasikia sauti ya Mjomba upande wa wanaume.

"Gari mkienda kuangalia," anawaambia vijana, "msile. Nawausia. Mimi nilimpeleka mpwa wangu kwa mtu pale Ngamiani, tukakirimiwa, lakini nikashtuka. Nikasema hebu mwageni maji hapo chini. Wallahi, shombo lilipanda."

Wakamsifu. Mzee anajua watu, wakasema. Nilikuwa nimeshika upawa. Niliendelea kupakua, na sahani ya meza yake niliipakua kama nyingine, sikupunguza nyama. Siku ile niliamua kwamba habari hii nitaiandika mwenyewe kwa mkono wangu, maana ikibaki mdomoni itazikwa kwa jina la Mjomba.

Hitima ya mama ilipofika, ya mwaka, ilikuwa lazima twende Bweni, na Mjomba ndiye wa kusoma. Shangazi alinipigia simu akasema mzee hana usafiri. Yeye mwenyewe hakupiga. Nilikwenda nikasimama mlangoni kwake asubuhi, nikashuka, nikampa shikamoo.

"Marahaba," akasema, analitazama gari. Alizunguka upande wa pili, akaketi mbele, bakora katikati ya magoti. Mume wangu na mtoto walikuwa nyuma. Kabla sijawasha, Mjomba akachukua ncha ya bakora akainua pembe ya zulia, miguuni pake, akachungulia. Akaliachia. Kisha akakohoa kile kikohozi.

"Al-Fatiha."

Akasoma. Alipomaliza, mume wangu akaitikia. Mimi nilikuwa natazama barabara. Mjomba akageuka.

"Mwenye gari," akasema, "mbona huitikii?"

"Amin," nikasema, nikatia gia.

Hakuomba radhi, na sidhani kama ataomba. Tulikwenda. Barabara ya Pangani inapita Kigombe, na tulipofika pale wauza samaki walikuwa wamepanga nguru wabichi kwenye majani ya mnazi, macho yamewatoka. Mjomba akagonga dirisha kwa kidole.

"Simama, mwanangu. Tusiende mikono mitupu."

Nikasimama. Akashuka, akachagua kwa muda, akapatana, akaletewa wawili wakubwa kwenye mfuko wa plastiki unaodondosha maji. Akazunguka nyuma ya gari, akashika kitasa cha buti.

"Hapana, Mjomba," nikasema kutoka dirishani. "Pakata."

Alinitazama. Mume wangu nyuma alikohoa. Mjomba akarudi kitini, akakunja kanzu yake nyeupe, akawaweka magotini, akawashika kwa mikono miwili kama ninavyojua mimi kushika sufuria kwenye kona. Aliwapakata mpaka Pangani, mpaka tukaingia kwenye pantoni, mpaka ng'ambo.